Nani Alikutuma Unisemee

"Sikukukataza kazi," Mwalimu alisema kwa mara ya tatu. "Nimekupunguzia."

"Umenipunguzia nini? Mimi ni suruali?"

Fundi alisema hivyo bila kumtazama. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya beseni la plasta, na plasta haingoji watu wamalize kugombana. Ukiiacha kidogo tu inageuka jiwe, na beseni linakwenda nayo. Kwa hiyo alikoroga, akakoroga, na kila neno alilolitoa lilitoka na mzunguko wake.

Kwenye benchi la ukutani alikaa mama mmoja mshonaji, mkongojo ukiwa umeegemea bega lake, mkoba mapajani. Alikuwa amekuja tangu saa tatu ingawa zamu yake ilikuwa saa nane. Aliwatazama wale wawili kwa utulivu wa mtu aliyelipa kiingilio.

"Naweza kutoka nje kama mnataka," alisema, bila kusogea.

"Kaa, mama," Fundi alimjibu. "Hili si la siri. Angelitaka liwe siri asingelipeleka ofisini kwa Mkuu."

Karakana hiyo ilitengeneza miguu ya bandia. Asubuhi ilikuwa ya kupima: mgonjwa anaketi, kigutu chake kinazungushiwa bendeji yenye plasta, umbo linachukuliwa, kisha linajazwa plasta nyingine mpaka lipatikane gogo jeupe linalofanana na kigutu chenyewe. Juu ya gogo hilo ndipo kinapoumbwa kikombe, ile sehemu ya juu ya mguu inayobeba mtu. Mchana ulikuwa wa kuvisha. Saa nane kamili mlango wa chumba cha mazoezi ulifunguliwa, mgonjwa akavaa mguu wake, akashika vyuma viwili, akasimama.

Mafundi walikuwa wanne, lakini wagonjwa walikuwa na mazoea ya kuuliza getini, "Yule fundi wa asubuhi yupo?" Wakimkusudia yeye. Mwishowe hata wenzake wakamwita Fundi, basi. Saa saba alinawa, akatundika aproni, akaondoka. Kwa miaka miwili alikuwa ameumba miguu ya watu zaidi ya mia, na hakuwahi kumwona hata mmoja wao akisimama.

Aliyewaona wote ni huyu aliyesimama mlangoni sasa, koti jeupe limepigwa pasi, uso umekunjamana kama mtu aliyemeza mbegu. Walimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha watu wazima kutembea. Na tusidanganyane, penzi lao lilianzia humo humo. Asubuhi moja alimkuta Fundi getini, akamwambia, "Yule wako wa jana amefika mpaka dirishani." Fundi akasimama katikati ya njia, akamtaka amweleze yote: alitangulia mguu upi, alilia, alicheka, alisema nini? Kesho yake Mwalimu akaleta habari nyingine. Akawa kila asubuhi anampelekea habari za miguu yake, kama wanaume wengine wanavyopeleka maua, na Fundi akaanza kufika getini robo saa kabla ya wakati. Ukimwuliza alipendea nini, atakwambia alipendea masimulizi. Mwanamume yule alikuwa na macho ya kuona jinsi kidole cha mtu kinavyoachia chuma kabla mtu mwenyewe hajajua kwamba ameachia.

Sasa harusi ilikuwa wiki mbili mbele, na macho yale yale hayakuona kitu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mzee Tupa, fundi wa mchana, alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi yake ilikuwa ya siku nzima na ya kudumu, na Mkuu wa karakana aliipeleka kwanza kwa Fundi, kama ilivyostahili. Fomu ilitakiwa irudi leo kabla ya saa nane, kwa sababu saa nane majina yanapelekwa makao makuu. Fundi alikuwa ameiweka mkobani tangu Jumatatu. Alitaka kuijaza leo, baada ya kuzungumza na mchumba wake jana jioni. Jana jioni mchumba wake alisema amechoka, wazungumze kesho.

Kumbe mwenzake alikwisha kuzungumza, na Mkuu. Asubuhi hii, wakati wa chai, Mkuu alimshika bega, akamwambia amesikitika kuwa amekataa, lakini anaelewa, ndoa ni ndoa, na sababu zake amezisoma na ni nzuri.

"Sababu zangu?" Fundi aliuliza.

Mkuu, mtu mwema asiye na fitina, akamtolea karatasi. Ilichanwa kwenye daftari la mazoezi ya wagonjwa. Mstari umepigwa katikati kwa rula. Kushoto: Faida za kazi ya siku nzima. Kulia: Hasara. Mwandiko aliufahamu kuliko wake mwenyewe.

Sasa karatasi hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya beseni, kwa tonge la plasta.

"Nikusomee tena?" Fundi alimwuliza. "Faida ziko tatu. Mshahara kamili. Bima ya familia. Kiinua mgongo. Hasara ziko saba. Ya kwanza, mtoto kutoka shule. Ya pili, chakula cha jioni kuchelewa. Ya tatu, uchovu. Ya nne, hasira, kwenye mabano, akichoka. Ya tano, nguo za kufua. Ya sita, wageni wa ghafla."

Mshonaji alikohoa ndani ya kiganja chake.

"Ya saba," Fundi akamalizia, "Mama hatapenda."

"Niliandika ili nipange mawazo yangu," Mwalimu alisema.

"Ukayapanga, ukayapeleka ofisini, ukayaita mawazo yangu. Wewe mgonjwa akija kwako humwulizi panapouma? Unamwandikia tu?"

Mwalimu akajitetea. Alisema ni yeye mwenyewe Fundi, mwezi uliopita, aliyejitupa kwenye kiti akasema laiti angepata kupumzika. Fundi alikumbuka siku hiyo vizuri. Alikuwa ametoka kazini, amemchukua Chiriku shuleni, amempeleka kukatwa kucha iliyoota vibaya, amepika, amefua sare, amesimamia hesabu, na bwana huyu alipofika jioni akamkuta ameketi. Ni dakika hiyo moja ya kuketi ndiyo aliyoiona.

"Nilisema nimechoka," alimwambia. "Nilichokuwa nimechoka nacho ni hiyo nusu ya pili ya siku, ile isiyo na mshahara wala jina. Wewe ukaenda kunikatia ile nusu ninayoipenda."

Akainua beseni, akamimina. Uji mweupe ukajaa ndani ya umbo la kigutu polepole, bila kiputo. Hasira yake ilikuwa ya aina inayokaza mikono.

Hapo Mwalimu alifanya kosa la pili la siku hiyo. Alisema ameshampigia Mama simu, yuko njiani.

Fundi aliweka beseni chini. "Umempigia mama yako."

"Ili atusaidie kuelewana."

"Mtoto wa chekechea akinyang'anywa mpira ndiye anayekimbilia kwa mama. Wewe una miaka thelathini na sita."

Mshonaji alisema kwa sauti ndogo kwamba mume wake yeye alikuwa na arobaini na mbili na bado alikimbia.

Chiriku alikuwa binti wa Mwalimu, wa miaka minane. Mama yake alifariki mtoto akiwa mchanga. Jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukutulia. Alisimulia kuanzia geti la shule mpaka mlango wa nyumba, na akipungukiwa na ya kweli alitunga. Mwaka mzima sasa Fundi ndiye aliyempokea saa saba na nusu. Mwaka wa kabla yake, mchana wake ulikuwa kwa kaka yake fundi viatu, akishona soli mpaka jua linazama. Watu wakisikia mtu anafanya kazi nusu siku wanadhani nusu nyingine analala. Fundi hajawahi kuulala mchana hata mmoja tangu atoke chuoni.

Na alimpenda Chiriku, hilo lisipindwe. Alipenda mkono ule mdogo wenye jasho unavyojipenyeza katika wake bila kuomba. Usiku wa kuamkia leo aliwaza hilo mpaka akakaa kitandani. Akichukua siku nzima, kuna maneno marefu ambayo Chiriku atayasoma kwa mara ya kwanza na yeye hatakuwapo. Hakuhitaji rula wala karatasi kuijua hasara hiyo. Ilikuwa yake, na alitaka aipime mwenyewe.

Mama mtu aliingia saa saba kasorobo. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono mikubwa, viganja vilivyong'aa kwa miaka thelathini ya kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Alimsalimia mshonaji, akamtazama mwanawe kama anayetazama doa, kisha akavuta kigoda akaketi karibu na Fundi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa kuna moto."

"Hakuna moto, Mama. Kuna karatasi."

Mama aliisoma palepale ukutani, midomo ikicheza. Alipofika namba saba alisonya. Alimwuliza mwanawe nani amemwambia kwamba yeye hatapenda. Mwalimu alisema, si ulisema mwenyewe siku ile ya posa, kwamba mke arudi nyumbani jua likiwa bado juu?

"Nilisema," Mama alikubali. "Na bado nasema. Ila sikusema uende ukamwibie mtu mdomo."

Kisha akamgeukia Fundi. Alizungumza taratibu, na ilionekana kuwa maneno hayo hakuyatoa kila siku. Alieleza jinsi alivyoanza kazi ya pasi mtoto akiwa na miezi minne, kwa sababu baba yake hakuwapo na chumba kilitaka kodi. Aliingia alfajiri, akatoka jioni, siku sita kwa wiki. Hajutii. Kazi ile ilimsomesha huyu aliyesimama hapa na koti jeupe. Alikuwa na heshima yake, wenzake, kicheko chake cha saa nne, na hakuna mwanamume aliyepata kumwambia hiki ni chakula changu.

"Lakini hatua yake ya kwanza," alisema, "aliiona jirani."

Mama akasogeza kigoda karibu zaidi.

"Nilirudi jioni, jirani akaniambia, mwanao leo ametembea, kutoka kwenye ndoo mpaka mlangoni. Nikamsimamisha kwenye ndoo. Nikamwita. Akakaa chini. Siku mbili hakutembea tena. Jirani alifurahi kunisimulia, na mimi nilicheka, nikamshukuru. Usiku nikalia mpaka nikamwamsha mtoto." Alivuta pumzi. "Ndiyo maana nilisema jua likiwa juu. Si kwa ajili ya mboga."

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuwahi kusikia habari hiyo, ilikuwa wazi. Fundi aliona shingo yake, ile sehemu ya nyuma ya sikio anayoipenda, na kwa kitambo kidogo hasira ilitaka kumponyoka. Aliivuta ikarudi. Huruma ikiingia kabla haki haijatolewa, haki hulala nje.

Alichota maji, akanawa kidole kimoja tu, kile cha shahada, akaugusa mkono wa Mama nacho.

"Mama, nimekusikia, na neno lako nitaondoka nalo. Sasa nisikilize mimi. Huyo jirani wako, unamkumbuka uso?"

"Kama jana."

"Mimi jirani yangu ni mwanao. Watu zaidi ya mia, Mama, nimewashika vigutu vyao kwa mikono hii. Hatua ya kwanza ya kila mmoja nimehadithiwa. Ananihadithia vizuri, sikatai, kwa kuhadithiwa huko ndiko nilikopendea. Lakini nimechoka kuhadithiwa."

Vidole vikubwa vya Mama vilifunga juu ya kile kidole chenye maji.

Fundi akamwomba mshonaji aeleze mwenyewe. Mshonaji hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alisema huu unaovishwa leo ni mguu wake wa pili, wa kwanza ulimla. Chini ya goti ana kovu ambalo halitaki kuguswa. Fundi alilijua hilo tangu siku ya vipimo, na kwenye gogo la plasta, mahali palepale, alijenga kinundu kidogo, ili kikombe kikiumbwa juu yake kibaki na kishimo na kovu lipate pa kupumulia. Mchana Mzee Tupa akaja, tupa yake mkononi kama kawaida, akaona kinundu, akadhani ni uzembe wa asubuhi. Akakikwangua kikawa laini kama yai. Mtu alifanya kazi safi. Mshonaji akavaa mguu, akatembea siku nne, kovu likafumuka, akaanguka humu humu mazoezini. Wiki tano hakukanyaga cherehani, na wateja wawili walichukua vitambaa vyao wakaenda kwingine.

"Nilikuja hapa na matusi yangu tayari," mshonaji alisema. "Nikakosa wa kumtukana. Wa asubuhi kafanya sawa, wa mchana kafanya sawa."

"Niliacha kijikaratasi," Fundi alisema. "Kikaanguka chini ya meza. Mzee wa watu hana kosa, na mimi sina. Kosa ni la saa saba." Akamgeukia Mwalimu. "Hilo liko upande gani wa mstari wako? Mbona silioni? Uliandika bima, ukaandika wageni wa ghafla, mama huyu hukumwandika. Na wewe ndiye uliyemshika siku alipoanguka."

Mwalimu alifungua mdomo. Ulipofunguka, sauti iliyotoka ilikuwa nyingine, bila koti na bila rula.

"Niliogopa," alisema. "Ukiingia mchana utawaona mwenyewe. Hutanihitaji tena getini. Hilo sikujua niliandike upande gani."

Mshonaji alitazama dari. Mama alitazama sakafu.

Fundi alimtazama mwanamume wake machoni kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze. Macho yao yalikutana, yakakaa. Kama angeyasema haya jana jioni, angemkumbatia. Angemwambia, mpumbavu wewe, nitakuhitaji getini mpaka mvi. Lakini hakuyasema jana. Jana alisema amechoka, huku karatasi iko ofisini siku ya tatu.

"Ungekuja na woga wako," alimwambia, "ningeukalisha, ningeupa maji ya kunywa. Hukuja nao. Uliuficha ndani ya chakula cha jioni na nguo za kufua, ukanifanya mimi ndiye tatizo. Hasira, kwenye mabano. Sasa hasira ndiyo hii, na sijachoka hata kidogo."

"Nifanye nini?"

"Saa ngapi sasa?"

Mwalimu alitazama saa ya ukutani. Saa saba na dakika tano.

"Mapumziko yako ya chakula ni lini?"

"Saa saba mpaka saa nane." Alijibu kama mtoto darasani, na palepale, kabla hajaulizwa la pili, uso wake ukabadilika. Alikuwa ameona.

"Shule inatoka saa saba na nusu," Fundi alisema. "Kutoka hapa ni dakika kumi kwa miguu, na wewe ni bingwa wa miguu. Mwaka mzima umekaa kwenye kile kiti nyuma, unakula taratibu, unasoma gazeti. Mimi nanawa mikono mbio, natoka hapa na plasta kwenye nyusi. Mwaka mzima. Uliandika 'mtoto kutoka shule' kuwa hasara ya kwanza ya kazi yangu, na saa hiyo ni yako."

Mama alisonya tena, mara hii kwa muda mrefu, na haikuwa vigumu kujua ni kwa nani.

Mwalimu hakujitetea. Ni sifa yake mojawapo, akikamatwa hukamatika. Alivua koti jeupe, akaanza kulikunja, akaacha.

"Bado," Fundi alimwambia. "Kwanza ofisini. Uliingia peke yako ukanisemea. Sasa utaingia mbele yangu ujisemee."

Wakatoka, Mwalimu mbele, Fundi nyuma yake na mikono imening'inia, nyeupe mpaka kwenye viwiko. Mama akafuata, na mshonaji akauchukua mkongojo wake akafuata pia, maana alisema hawezi kuachwa na kisa nusu, yeye si fundi wa asubuhi.

Mkuu alikuwa anaweka fomu za wengine ndani ya bahasha. Aliwaona wanne mlangoni, akavua miwani. Mwalimu alisimama wima. Alisema siku ya Jumatatu alimletea karatasi akasema ni maoni ya mchumba wake. Hayakuwa yake. Hakutumwa, hakumwuliza, na alijua kwamba angeulizwa angejibu vingine, ndiyo maana hakuuliza. Anaomba karatasi ile isihesabiwe.

Mkuu aliwatazama mmoja mmoja, akamwuliza Fundi kama anahitaji siku moja zaidi ya kufikiri. Angeweza kuwapigia makao makuu, wakamngoja.

"Nimefikiri tangu Jumatatu, Mkuu. Nilidhani tunafikiri wawili."

Fomu ilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa karakana, na mikono ilikuwa plasta tupu. Mshonaji ndiye aliyerudi kuuleta, akichechemea, akikataa kusaidiwa. Fundi aliiweka fomu mezani. Penye maneno "siku nzima" palikuwa na kisanduku. Kalamu ilimteleza. Akaishika tena, akaweka alama, akatia sahihi, na pembeni ya sahihi kikabaki kidole gumba cheupe kama muhuri. Mkuu alipulizia vumbi, akasema makao makuu watauliza ni nini hiki. Waambie ndiyo kazi yenyewe, Fundi alijibu.

Ilikuwa saa saba na robo. Likabaki la mchana. Mtoto akishachukuliwa saa saba na nusu, akae na nani mpaka jioni? Fundi hakulikwepa. Alisema wazi kwamba hapo hana jibu, na kwamba yeye naye anapoteza kitu, na kitu chenyewe kinaimba njia nzima.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, anatazama viganja vyake.

"Mimi nimestaafu mwaka wa tatu," alisema. "Nakaa dirishani nahesabu wapita njia. Hakuna aliyeniuliza. Mmeniweka kwenye karatasi tu, namba saba." Akamnyooshea mwanawe kidole. "Mlete kwangu. Saa nane kasoro awe ameshafika. Hatua zako zilinipita. Za mwanao, na zinipite tena, kwani nina mkosi?"

Mwalimu alimtazama mama yake, akamtazama Fundi. Alitaka kusema neno. Fundi alimwonyesha saa kwa kidevu.

Akaondoka. Hakutembea. Kupitia dirisha la ofisi walimwona anakata uwanja mbio, koti limekunjwa kwapani, na mlinzi wa geti, ambaye hakuwahi kumwona akitoka saa hiyo, akasimama akidhani kuna ajali. Mama naye akaaga, akafuata kwa mwendo wake mrefu, ili awahi kufungua nyumba.

Kwenye mlango wa karakana kulikuwa na ubao wenye misumari, kila mfanyakazi na kibao chake. Ukiingia unakitundika kushoto, ukitoka kulia. Kila siku saa saba Fundi alikihamisha. Alipita hapo, akakitazama, akakiacha.

Saa nane kasoro dakika tatu Mwalimu alirudi, shati limelowa, pumzi juu. Alisema mtoto amefika. Njia nzima Chiriku amemweleza habari za mwalimu wao wa hesabu na panya, na nusu yake hakuielewa. Alisema hilo kwa mshangao, kama mtu aliyegundua chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Panya wa kabatini au wa mkobani?" Fundi aliuliza.

"Wako wawili?"

"Una mengi ya kujifunza. Vaa koti."

Mlango wa chumba cha mazoezi ukafunguliwa. Fundi aliingia akasimama kando ya ukuta, hajui aweke wapi mikono yake. Mshonaji alivaa soksi, akavaa mguu, akafunga mkanda. Fundi alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe, chini ya goti, pale penye kishimo. Kilikuwepo. Safari hii hakuna aliyekwangua.

"Kinabana?"

"Ngoja nisimame ndiyo nikujibu."

Mwalimu alikuwa ameshajipanga mbele yake, ndani ya vile vyuma viwili, uso kwa uso, mikono imefunguka bila kumgusa. Mshonaji akashika vyuma, akajivuta, akasimama. Kisha Mwalimu akaanza kurudi kinyumenyume. Fundi hakuwa amelijua hilo. Katika masimulizi yote ya getini, hakuwahi kumwambia kwamba yeye hutembea kinyumenyume, hatua kwa hatua, bila kuangalia nyuma, ili mgonjwa awe na uso wa kuufuata. Alikuwa anasema kitu kwa sauti ya chini, maneno ya kawaida tu, haya, na mwingine, na mwingine. Jasho la mbio za shuleni lilikuwa bado linamtiririka shingoni.

Mguu ukatangulia. Ukakanyaga. Ukabeba.

"Haubani," mshonaji alisema katikati ya vyuma. Kisha, bila kugeuza kichwa: "Na wewe Fundi, usinitazame kama niliyekuibia kitu. Njoo huku mbele nikuone."

Fundi akaacha ukuta. Hasira bado ilikuwa kifuani, na jioni alikuwa na mengine ya kumwambia bwana huyu, kuhusu chakula, kuhusu nguo na kuhusu mabano. Akaenda kusimama mbele ya mshonaji, bega kwa bega na Mwalimu. Mwalimu alisogea kumpa nafasi, na wote wawili wakaanza kurudi nyuma.